Mjomba anataka ya i7, wenzangu wanataka ya gemu: nichukue laptopu gani ya usanifu majengo?

Shikamoo Fundi,

Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo, naingia mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza tulichora kwa mkono karibu kila kitu, kwa hiyo laptopu ya zamani niliyorithi kwa dada yangu ilinitosha kuandikia ripoti na kuchorea ramani ndogondogo za AutoCAD. Muhula ujao tunaanza Revit, programu ya kuchora jengo zima kwa vipimo vitatu. Wakubwa zetu wa mwaka wa tatu wanarenda, yaani wanageuza mchoro kuwa picha inayofanana na jengo halisi, kwa programu za Lumion na Enscape, na nimejionea jinsi mashine zinavyowagandia wiki ya kuwasilisha, mpaka mtu anapiga picha kioo kwa simu kwa kuogopa kazi itapotea.

Mjomba wangu amejitolea kuninunulia laptopu, ila amesema wazi: ni moja tu mpaka nimalize chuo. Bado nina miaka minne. Mpaka sasa nina tatu mkononi.

Ya kwanza ameichagua mjomba mwenyewe. Nyembamba, nyepesi, prosesa ya Core i7, RAM (kumbukumbu ya kazi) gigabaiti 16, diski ya SSD gigabaiti 512. Haina kadi ya grafiki inayojitegemea, ile ya kuchora picha kwenye kioo. Yeye anasema i7 ndiyo ya juu, i5 ni ya makarani.

Ya pili ndiyo wanayoisifia wenzangu, laptopu ya gemu. Core i5 yenye herufi H mwishoni, kadi ya RTX 4060 yenye gigabaiti 8, RAM 16, SSD 512. Ni nzito, chaja yake kubwa, na kibodi inawaka rangi zote. Mjomba alipoona picha yake aliniuliza kama naenda chuo kusoma au kucheza.

Ya tatu imetumika. Ni ThinkPad ya P, zile za kazi nzito, ina RAM 32 na kadi ya Quadro T2000 yenye gigabaiti 4. Bei yake ni kama nusu ya hizo nyingine. Muuzaji anasema ndizo wanazotumia mainjinia.

Halafu kuna rafiki yangu anayeniambia niachane na zote nichukue MacBook.

Naomba unisaidie, Fundi. Je, i7 bila kadi itanifikisha? Hiyo 4060 itanivusha miaka minne? Na zile stendi zenye feni za kupozea zinasaidia kweli, au ni kutupa hela?

Binti wa Studio

*

Marahaba, binti yangu.

Chukua ya pili. Iongezee RAM ifike 32, na hizo taa uzizime, maana zinazimika. Mengine yote nitakayoandika hapa ni ya kukusaidia utakapokaa na mjomba, kwa sababu yeye ndiye mwenye fedha na swali lake si la kipuuzi. Jina la "gemu" limewachanganya wengi. Kadi inayochora msitu na vivuli vyake kwenye gemu ndiyo hiyohiyo inayochora bustani na vivuli vyake kwenye Lumion. Hesabu ni zilezile.

Kwanza tenganisha kazi zako mbili, kwa sababu laptopu inazifanya kwa viungo tofauti. Kuna kuchora na kuna kurenda.

Unapochora kwenye AutoCAD, Revit au SketchUp, kazi kubwa iko kwa prosesa, tena sehemu kubwa ya hesabu inapita kwenye kiini kimoja kati ya viini vya kuhesabia vilivyomo ndani yake. Sogeza ukuta mmoja kwenye Revit uone: madirisha yaliyomo yanahama nao, dari inajirekebisha, vipimo vinabadilika, eneo la chumba linahesabiwa upya. Hatua moja inasubiri jibu la nyingine, kwa hiyo viini vingine vinabaki vinatazama. Ni kama chungu kimoja chenye mwiko mmoja. Hata ukiita wapishi kumi, anayekoroga ni mmoja. Kwa hiyo kwa kuchora unatafuta prosesa yenye kiini chepesi, isiyochoka haraka.

Kurenda kunategemea programu. Lumion, Enscape, Twinmotion na D5 zinaitegemea kadi ya grafiki. Corona inatumia prosesa peke yake, na hapo ndipo viini vingi vinapolipa. V-Ray inaweza kutumia prosesa au kadi, wewe ndiye unayechagua. Ndiyo maana mwanafunzi akiniuliza "laptopu ipi nzuri kwa usanifu," swali langu la kwanza huwa: studio yenu inarenda kwa nini? Wewe umeshanijibu. Lumion na Enscape kwenye Windows zote zinadai kadi inayojitegemea, kwa hiyo laptopu ya mjomba, pamoja na uzuri wake, inaishia mlangoni mwa mwaka wa tatu.

Sasa hili la i7, kwa sababu najua ndipo mjomba alipokaza. i7 ni jina la ukoo tu. Kinachokueleza tabia ya prosesa ni herufi ya mwisho. Herufi U imewekwa kwenye laptopu nyembamba ili itumie umeme kidogo na betri idumu. Herufi H imewekwa kwenye mashine za kazi. Chukua mfano wa kizazi cha 13 cha Intel: i7-1355U ina viini vikubwa 2 na vidogo 8, na umeme wake wa kawaida ni wati 15. i5-13500H ina viini vikubwa 4 na vidogo 8, na umeme wake ni wati 45. Kwa sekunde chache za mwanzo hiyo i7 inaweza kukimbia vizuri tu, hata kuipita. Iachie kazi ya nusu saa, ndipo utajua nani ana pumzi. AMD nao wana U kwa nyembamba, na HS, H au HX kwa nzito. Kwa hiyo mwombe mjomba asome jina zima la prosesa mpaka herufi ya mwisho, asiishie kwenye tarakimu ya mbele.

Lipo jingine kuhusu laptopu nyembamba ambalo wauzaji hawalitaji mpaka uwaulize: nyingi RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Kwa mtu aliyeambiwa "moja tu mpaka umalize chuo," hilo peke yake lingetosha kunifanya niiache.

Tuje kwenye kadi. Watu hukimbilia namba kubwa, 4060, 4070, wakasahau kuangalia kumbukumbu ya kadi yenyewe. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayoamua kama mandhari yako yatafunguka au yatagoma. Hebu tuitazame kwa karibu. Umebandika picha ya matofali ukutani, yenye pikseli 4096 kwa 4096. Kwenye diski ni faili dogo, labda megabaiti chache, kwa sababu imebanwa. Ikifunguliwa kamili ndani ya kadi bila kubanwa, kila pikseli inachukua baiti 4, na hesabu inafika megabaiti 64. Sasa tofali zuri halina picha moja. Lina ya rangi, ya mabonde na vilima vya uso wake, na ya mng'ao. Hapo umefika megabaiti 192 kwa tofali tu. Ongeza sakafu ya mbao, zege, nyasi, miti ya aina nane, magari, watu, na anga. Gigabaiti 4 zinaisha kabla hujaweka samani. Kadi ikijaa, programu huanza kuazima RAM ya kawaida, ambayo kwa kadi ni njia ya polepole mno, au inajifunga bila kuaga. Wale wakubwa zenu wanaopiga picha kioo kwa simu, nadhani wengi wao wamekwama hapo.

Kwa hiyo gigabaiti 8 ndicho kiwango ninachokushauri usishuke. RTX 4050 ya laptopu ina 6, unaweza kuishi nayo ukiwa na nidhamu. RTX 4060 ina 8. Na hapa usidanganyike: RTX 4070 ya laptopu nayo ina 8 vilevile, ingawa ndugu yake wa kompyuta ya mezani ana 12. Utapata kasi zaidi kiasi, lakini mandhari iliyogoma kwenye 4060 kwa kujaa itagoma na huko pia. Kwa mwanafunzi sioni sababu ya kuruka daraja hilo; hiyo tofauti ya bei ipeleke kwenye RAM na diski.

Jambo moja zaidi la kuuliza kabla ya kulipa: hiyo 4060 imepewa wati ngapi? Nvidia inawaruhusu watengenezaji kuilisha kadi hiyo kuanzia wati 35 hadi 115. Laptopu mbili zinaweza kubandikwa kibandiko kilekile cha RTX 4060, moja ikamaliza kurenda wakati mwenzake bado anahema. Namba hiyo huandikwa kwenye ukurasa wa sifa wa mtengenezaji, mara nyingi kwa maandishi madogo. Muuzaji akisema "zote ni sawa tu," tafuta mwenyewe kwa jina kamili la modeli.

Kuhusu RAM: 16 inatosha kuchorea. Tatizo ni usiku wa kuamkia kuwasilisha. Revit iko wazi, Enscape imeshikana nayo, Photoshop inasubiri kusafisha picha, InDesign ina bango, na kivinjari kina kurasa thelathini ambazo hakuna anayethubutu kuzifunga. Hapo 16 imekwisha na mashine inaanza kuandika kwenye diski. Laptopu nyingi za gemu zina nafasi mbili za RAM na nyingi huuzwa na kipande kimoja. Ukiwa dukani bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, ingia Performance kisha Memory. Chini kulia utaona nafasi zilizotumika. Ikisema 1 kati ya 2, umebahatika: unaongeza kipande cha 16 na kazi imeisha. Ikisema 2 kati ya 2, basi ndani kuna vipande viwili vya 8 na kufika 32 itabidi uvitoe vyote. Hakikisha aina inalingana, DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5. Na uliza kama kufungua mfuniko kunaharibu dhamana.

SSD ya 512 itajaa, hilo halina ubishi, maana Lumion na maktaba za Revit ni walaji. Usilipie kubwa sasa. Hakikisha tu kuna nafasi ya pili ya M.2, yaani tundu la kuchomekea SSD nyingine, utaongeza ukibanwa.

Kioo wengi hawakiulizi. Laptopu za gemu za bei ya chini huwekewa kioo kinachoandikwa asilimia 45 ya NTSC, kipimo cha wingi wa rangi ambazo kioo kinaweza kuonyesha, na rangi zake zimefifia. Utalitia tofali lako wekundu mpaka likupendeze hapo kiooni, halafu bango likitoka kwenye mashine ya kuchapa linawaka moto. Tafuta kinachoandikwa asilimia 100 ya sRGB, kipimo kingine cha rangi, au karibu yake. Usipokipata kwa bei yenu, nunua hivyohivyo, lakini uzoee kuangalia rangi kwenye kioo cha maabara kabla ya kuchapa.

Hiyo ThinkPad iliyotumika siidharau hata kidogo. Muuzaji hakukudanganya: mashine za P zimetengenezwa kwa wahandisi, zinafunguka kirahisi, kibodi yake ni raha, na kadi za Quadro huwa zimepimwa na kuidhinishwa na watengenezaji wa programu kama Autodesk. Ungekuwa umeniandikia kwamba fedha iliyopo ni nusu tu, ningekwambia uichukue leo, uchoree humo, na kurenda ufanyie maabara. Lakini T2000 ilitoka 2019, ina gigabaiti 4, na haina viini vya kufuatilia miali ya mwanga ambavyo kadi za RTX zinavyo. D5 imejengwa juu ya kazi hiyo, nyingine zinazidi kuiegemea, na wewe una miaka minne mbele.

Kwa mwingine anayesoma hapa na ameamua kununua iliyotumika, angalia mambo mawili. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Chini ya hapo, hata ikiwa na RAM 64, achana nayo. La pili ni betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, Windows itakutengenezea ripoti inayoonyesha betri ilizaliwa na ujazo gani na sasa inabeba kiasi gani. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivyo ameshakujibu.

Rafiki yako wa MacBook nampa heshima yake, ni mashine nzuri sana. Studio inayotumia ArchiCAD, Rhino, SketchUp au Vectorworks inaishi vizuri kabisa kwenye Mac. Ila Revit haina toleo la Mac, Lumion haina, 3ds Max haina. Zamani tungesema uweke Windows kwa Boot Camp, lakini mashine za Apple zenye chipu za M, zilizoanza kutoka 2020, hazina njia hiyo. Ninyi mnaanza Revit muhula ujao. Mjadala umeishia hapo.

Usimfiche mjomba mabaya ya hii ya pili. Ina uzito wa kilo 2 na ushee, na chaja nayo ina uzito wake. Betri haitamaliza siku ya masomo. Na ukirenda bila kuchomeka umeme, kadi inajibana na kasi inashuka vibaya, kwa hiyo kurenda ni kazi ya kukaa karibu na soketi. Akishaelewa kwamba hii ni meza ya kuchorea inayobebeka, na kwamba utaibeba siku za studio tu, hoja ya wembamba inapoteza nguvu. Mwambie pia leseni ya Revit na AutoCAD hatailipia: Autodesk huwapa wanafunzi bure kwa mwaka, na unahuisha kila mwaka ukiwa bado chuoni. Yale matoleo ya kuvunjwa yanayozunguka kwenye flashi usiyaguse. Ndiyo njia ya haraka ya kuingiza virusi kwenye mashine mpya.

Utakapoanza kurenda, kuna hesabu itakayokuokoa kuliko kadi yoyote. Wanafunzi wakisikia bango ni A1 wanaagiza picha ya A1 nzima kwa nukta 300 kwa inchi. Hiyo ni pikseli 9933 kwa 7016, karibu milioni 70. Lakini picha yako kubwa pengine inachukua nusu ya bango, yaani A2, na jopo linalitazama likiwa ukutani, hatua moja au mbili nyuma. Kwa nukta 150 hiyo A2 ni pikseli 3508 kwa 2480, chini ya milioni 9. Umeipunguzia mashine mzigo mara nane, na sijaona mwalimu aliyesogeza pua mpaka kwenye karatasi kuhesabu nukta. Kabla ya hapo, jaribu mwanga na pembe ya kamera kwa picha ndogondogo. Na lile tofali la ukuta wa mbali kabisa lipe picha ya pikseli 1024. Kumbukumbu yake ni sehemu moja ya kumi na sita ya ile ya 4096, na hakuna jicho litakaloona.

Stendi ya feni? Inashusha joto kidogo tu. Kinachosaidia zaidi ni kuinua nyuma ya laptopu ili matundu ya chini yavute hewa, na kutoiweka kitandani, maana godoro linayaziba na mashine inajipunguzia kasi ili isiungue. Stendi ya kawaida isiyo na feni inatosha, pamoja na kusafisha vumbi la feni za ndani mara kwa mara. Hela inayobaki nunua kipanya chenye gurudumu linalobonyeka vizuri. Kwenye AutoCAD na Revit gurudumu hilo ndilo unalolishikilia kusogeza mchoro na kulizungusha kukuza, na kwa kuchora siku nzima padi ya kugusa itakuchosha mkono kabla hujamaliza ghorofa ya kwanza.

Fundi